Mdogo wangu amepata homa ya uti wa mgongo akiwa ICU, naombeni ushauri

Dada Mkubwa: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda, akapasuliwa kichwa kutoa damu iliyovilia, akawekewa na mpira wa kupunguza maji ya ubongo. Siku ya tisa ICU homa ikapanda. Yale maji kwenye mfuko mwanzoni yalikuwa na damu, yakaja kutakata, ila jana nimeyakuta kama maji ya kuoshea mchele. Daktari anasema ni homa ya uti wa mgongo. Jirani kamwambia mama inaambukiza, tusimsogelee. Wajomba nao wanataka tumhamishie hospitali nyingine. Nifanyeje?

Nesi wa Usiku: Pole sana dada. Huo si ule wa milipuko unaoenea kwa mate mabwenini. Huu huletwa na vijidudu vya hospitalini, kama Klebsiela, Asinetobakta na stafilokokasi, vinavyopenya kwenye kidonda au kwenye mpira. Mama aende akamwone mwanae. Anawe mikono kabla na baada, asiguse mpira wala bandeji. Na msisubiri kuona dalili ya shingo kukakamaa, mgonjwa aliyepewa dawa za usingizi mara nyingi haionyeshi.

Kumhamisha akiwa kwenye mashine ya kupumulia ni hatari. Labda kama hapo hakuna maabara au daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo.

Baba Kelvin: Dada, uliza kama yale maji yameoteshwa maabara, yaani kukuza vijidudu ili wajue ni mdudu gani na dawa ipi inamuua. Uliza leo, usione aibu. Mwanangu Kelvin naye aliugua hivi, alichomwa sindano za seftriaksoni, dawa ya kuua vijidudu, siku nne, homa ileile. Majibu ya kuotesha yalipotoka, kumbe mdudu ni sugu kwa dawa hiyo, wakahamia meropenemu. Uliza pia kama mpira utatolewa au kubadilishwa, maana vijidudu hujificha humo. Na mjipange kwa gharama, matibabu yanaweza kuchukua siku 10 hadi 21.

Dada Mkubwa: Asanteni mno. Mama ameingia leo, amemshika mkono. Maji yalipelekwa maabara juzi, majibu kesho. Mpira wanaubadilisha jioni hii.

Baba Kelvin: Mungu amsimamie. Akizinduka, ombeni apimwe masikio. Kelvin alipona, ila sikio la kushoto halisikii, na sisi tulikuja kugundua mwalimu alipotuambia haitiki akiitwa.