Tamthilia ya muziki kuhusu Mbaraka Mwinshehe, Morogoro: nyimbo 10 ndani ya dakika 90

Mwandaaji_Moro
Wakuu, habari za jioni. Tunaandaa tamthilia ya muziki ya jukwaani juu ya maisha ya Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa la solo, kuanzia alipoingia bendi ya Morogoro Jazz mwaka 1965, safari ya Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, kuanzisha bendi yake ya Super Volcano mwaka 1973, hadi ajali ya gari karibu na Mombasa, Januari 1979. Ukumbi una viti 250. Waigizaji 9, wapigaji 6: magitaa ya solo, ridhimu na besi, drum, tumba na saksafoni moja ya tena. Nyimbo ni 10. Maswali matatu: ruhusa ya nyimbo inaombwa wapi, tunazikataje bila kuziharibu, na sauti ya gitaa isimeze maneno ya waigizaji tufanyeje?

Santuri45
Mkuu, anza na ruhusa kabla hujaandika ukurasa wa pili wa muswada. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka alifariki 1979, kwa hiyo tungo zake zina mwenyewe hadi mwisho wa 2029. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukiwa na orodha ya nyimbo, idadi ya maonyesho na kiingilio.

Wengi hukwama hapa: kibali cha kupiga wimbo baa au kwenye tamasha si kibali cha kuuingiza kwenye hadithi ya mchezo. Kuigiza ni matumizi mengine, na ruhusa yake itoke kwa warithi kwa maandishi, ikitaja kila wimbo kwa jina. Pia hakikisha nani alitunga. Kwenye bendi zile wimbo huitwa wa Mbaraka kwa sababu solo ni lake, kumbe mashairi ni ya mwenzake. Na ukitaka kucheza santuri yenyewe ukumbini, badala ya kuipiga upya, hiyo ni haki ya tatu, ya mwenye rekodi.

Mkiweka tukio la upinzani na Cuban Marimba, bendi nyingine ya Morogoro (na bila huo Morogoro ya miaka ile haieleweki), kiongozi wake Salum Abdallah alifariki 1965. Kwa hesabu ileile, tungo zake zilitoka kwenye ulinzi mwisho wa 2015. Jina lake liandikwe kwenye tangazo hata hivyo.

Ridhimu_ya_Kale
Nijibu la kukata. Wimbo mzima wa Morogoro Jazz unakaribia dakika 6, maana ulitoka pande mbili za santuri: sehemu ya kwanza mashairi, sehemu ya pili chemko, yaani pale magitaa yanapochanganya na watu kucheza. Zikiwa 10 nzima, saa nzima imekwenda na mchezo umegeuka kuwa dansi. Chagua 3 za kupigwa nzima, dakika 18. Nyingine 4 zipewe beti moja, kiitikio na mzunguko mmoja wa solo, kama dakika 2 na nusu kila moja. Tatu zilizobaki zipigwe chinichini wakati watu wanaongea, ridhimu na besi tu. "Shida" usiikate. Watu watakuja kuisikiliza hiyo.

Kata pale santuri ilipokuwa inageuzwa. Masikio ya wazee yameshazoea pumzi hiyo, na mazungumzo mafupi yanakaa hapo vizuri kabla chemko halijaanza. Usikate katikati ya mzunguko wa ridhimu. Mchezaji atabaki na mguu hewani na drum atahangaika kurudi.

Halafu ki, yaani ngazi ya sauti ya wimbo. Msiamini ki mnayoisikia kwenye santuri, kwa sababu mwendo wa mashine hupandisha au kushusha sauti. Pimeni kwa sauti ya mwigizaji wenu. Solo nyingi za namna ile hutegemea nyuzi zinazopigwa wazi, kwa hiyo ukihamisha vidole kwenda ki nyingine, solo linapoteza mlio wake. Legezeni magitaa yote na besi nusu hatua: shepu ya E itatoka E bemoli. Saksafoni naye atashukuru, maana saksafoni ya tena kwenye E anasoma F diezi yenye diezi 6 (alama za kupandisha sauti nusu hatua), lakini kwenye E bemoli anasoma F yenye bemoli moja tu (alama ya kushusha). Wekeni nyuzi nene zaidi, namba 11 badala ya 9, la sivyo zikilegea zitagonga shingo na kukoroma.

Fundi_Mitambo
Sauti. Ukumbi wa viti 250 hauhitaji maikrofoni kwenye drum wala tumba. Amplifaya za magitaa zisielekezwe kwa watazamaji. Zilaze kidogo kwenye kiti, zimtazame mpigaji sikioni, mwenyewe atapunguza. Zikimpiga miguuni hasikii, anaongeza, na waigizaji wanazama. Maikrofoni za shavuni 4 zinatosha, kwa wahusika wakuu. Kisanduku cha kurushia sauti cha kila maikrofoni kifungwe kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, jasho lisiingie, na betri mpya ziwekwe wakati wa mapumziko hata kama za zamani zinaonyesha zimejaa. Spika kubwa zikae mbele ya mstari wa waigizaji. Zikiwa nyuma yao, maikrofoni zitapiga mluzi.

Mwandaaji_Moro
Asanteni sana. Moja limebaki: mwigizaji wetu wa Mbaraka anaimba vizuri lakini solo hawezi. Aigize vidole tu?

Ridhimu_ya_Kale
Hapana, Mkuu. Morogoro vidole vya Mbaraka vinajulikana. Mstari wa mbele utamkamata kwenye mzunguko wa kwanza. Mwacheni aimbe na kushika ridhimu, hiyo mtu hujifunza kwa wiki 6 akifanya kila siku. Solo lipigwe na mpigaji wenu akiwa kando yake, anaonekana kabisa, amevaa shati la rangi ileile. Watazamaji watawapokea wawili hao kama mtu mmoja mkiwaonyesha hivyo tangu tukio la kwanza. Na kwenye ajali msilete mlio wa gari. Mpigaji wa solo aondoke jukwaani katikati ya wimbo, ridhimu na besi waendelee mizunguko 4, mahali pa solo pakiwa patupu.

Fundi_Mitambo
Kwa hiyo amplifaya ya solo isizimwe hapo. Ashushe sauti ya amplifaya yenyewe kwanza, ndipo achomoe waya, la sivyo utasikika mlio wa "pu!" ukumbi mzima.