Nagombea ubunge wa jimbo la Maine kwa ajili ya shule za umma, kanisa linataka kunichangia. Naomba ushauri

Binti_Nyarugusu:
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Naishi Lewiston, Maine. Nina miaka 26, niliingia Marekani nikiwa na 12 kutokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na uraia nina mwaka wa saba. Nawatafsiria Wakongomani na Warundi hospitalini na mashuleni.

Mwaka jana nilifika kikao shuleni nikakuta kimeshaanza. Mtoto wa darasa la tano alikuwa akimtafsiria mama yake maneno ya walimu kuhusu yeye mwenyewe: kwamba hajaweza kusoma. Hakuruka hata neno. Mama alikuwa amemshika mkono. Siku ile ndiyo iliyoniamulia kugombea Baraza la Wawakilishi la jimbo.

Sasa baba na wazee wa kanisa wanataka Jumapili wapitishe kapu wanichangie. Kukataa naogopa, kupokea naogopa. Nifanyeje?

MzeeWaPortland:
Marahaba mwanangu. Kapu lisipite. Kanisa lililosamehewa kodi haliruhusiwi kuchangishia mgombea. Na humo kanisani wamo watu ambao maombi yao ya hifadhi bado hayajajibiwa. Asiye raia wala mkaazi wa kudumu akitoa hata dola moja kwenye kampeni, amevunja sheria, na wewe uliyepokea pia. Nenda kwa wazee mwenyewe, kabla ya Jumapili, uwaeleze kwa heshima. Kujitolea bila malipo wanaruhusiwa: wapike, wakuendeshe, wabandike vipeperushi. Ila asiye raia asithubutu kujiandikisha kupiga kura, hilo lirudie kila mahali.

Mama_Theluji:
Mwanangu, hela ipo kwingine. Mwaka 1996 wapiga kura wa Maine walipitisha sheria ya Uchaguzi Safi. Kwa kiti unachotaka unatafuta watu 60 walioandikishwa kupiga kura eneo lako, kila mmoja anatoa dola 5 kwenye mfuko wa jimbo, kisha mfuko huo ndio unaokulipia kampeni. Niliwahi kumsaidia mgombea wa mtaani kwetu. Dola 5 watu wanatoa. Kazi ni kufunguliwa mlango mwezi wa pili, theluji iko magotini.

Usianzie kwa Wakongomani. Anzia kwa wale wazee ambao babu zao walitoka Quebec kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo vya Lewiston. Mwaka 1919 jimbo lilipitisha sheria ya kufundisha kwa Kiingereza tu, na watoto wao waliadhibiwa shuleni kwa kuongea Kifaransa. Wasimulie habari ya huyo mtoto. Baba yako kama anakijua Kifaransa, mchukue muende wote.

Fundi_Bajeti:
Dada, mimi nakubana kidogo. "Naunga mkono elimu" kila mgombea anasema. Mlangoni utaulizwa kodi ya majengo, kwa sababu shule zinalipwa na jimbo pamoja na kodi hiyo inayokusanywa na mji. Mwaka 2004 wapiga kura waliagiza jimbo libebe 55% ya gharama, na halikufika hapo mpaka 2021. Jimbo likirudi nyuma, anayeumia ni yule bibi mwenye nyumba moja na pensheni ndogo. Mwambie utalinda ile 55%, atakusikiliza. Soma pia fomula ya jimbo ya kugawa fedha za shule inavyoongeza fedha kwa mtoto anayejifunza Kiingereza. Na mkalimani shuleni mzazi anamstahili, sheria ya haki za kiraia ya 1964 iko upande wake.

Kazi yako je? Bunge linakaa Januari hadi katikati ya Juni mwaka wa kwanza, hadi Aprili mwaka wa pili, na posho yake haikuwekei chakula mezani mwaka mzima. Ongea na mwajiri mapema.

MzeeWaPortland:
Na umri usikutishe. Mwisho wa chini ni miaka 21. Mana Abdi, mwenye asili ya Somalia, alichaguliwa kwenye Baraza hilo hapo hapo Lewiston mwaka 2022.

Binti_Nyarugusu:
Asanteni sana, wazazi na kaka. Jana nimeongea na baba. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani amekasirika. Kisha akauliza kama koti lake la harusi bado linamtosha, maana Kifaransa alisomea Bukavu na hawezi kwenda kwa wazee wa watu amevaa jaketi la kazini. Jumamosi saa nne asubuhi tunaanza na nyumba kumi na mbili.