The First Grader: mbona filamu ya Mzee Maruge inakomea pale?

KinyoziBondeni (Nakuru)
Habari zenu. Mimi ni kinyozi Bondeni, na runinga ya duka langu ni ya mpira na filamu za ngumi. Juzi mteja akaacha flashi, ndani mna The First Grader, ile ya Mzee Kimani Maruge aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Filamu ni ya 2010 lakini mimi ndio naiona sasa, msinicheke.

Oliver Litondo anamwigiza huyo mzee kwa magoti zaidi ya mdomo. Anadaiwa sare; anarudi na suruali aliyoikata ikawa kaptura, soksi kazivuta juu, wala hachekeshi. Halafu kuna penseli. Inachongwa, na mara tunarudishwa miaka ya hamsini, kwa alichofanyiwa sikioni na wakoloni Waingereza alipokuwa kizuizini kama mpiganaji wa Mau Mau. Nilizima mashine. Mteja alikuwa amenyolewa upande mmoja tu na hakuulizia ule mwingine.

Zile simu za fitina anazopigiwa mume wa Mwalimu Jane, yule aliyempokea mzee shuleni, tungeishi bila hizo.

Sasa swali. Maruge wa kweli alifariki Agosti 2009, kabla filamu haijatoka. Nyuma kidogo kuna 2008: mali yake iliibwa kwenye ghasia za kikabila za baada ya uchaguzi, akaishi kambini Eldoret, na bado akawa anakwenda shule kila siku, kama kilomita 4. Sisi wa Nakuru tunaijua Januari ile. Mbona hayo hayamo? Mzungu mkatili tunaweza kumtazama, jirani hatuwezi?

NyarKondele (Kisumu)
Ndugu, hiyo unayoitaka ni filamu nyingine. Hii ni ya mzee mwenye barua asiyoweza kuisoma. Ukimwaga 2008 kwenye dakika za mwisho, watu watainuka wakitafuta viatu.

Mimi ninalolalamikia ni Kiingereza. Mama yangu alisoma ngumbaru, akajua kuandika jina lake akiwa ameshazaa watoto wote. Tuliitazama pamoja. Akaniuliza, kama Kiingereza kimemjaa huyu mzee mdomoni hivi, shule anaitakia nini? Nilikosa jibu.

MwalimuLangas (Eldoret)
Kinyozi, ukabila umo. Wasikilize wazazi wanavyomnung'unikia mzee, na wanavyomtazama. Umesemwa kwa minong'ono, kama tunavyousema wenyewe tukiwa kwenye mikutano ya wazazi.

Nilikuwa nafundisha darasa la kwanza elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003. Dawati la watatu lilikaliwa na watano, waliobaki walikaa sakafuni, na kila asubuhi kulikuwa na wengine mlangoni. Kwa hiyo yule mzazi anayesema mzee anamkalia mtoto wake nafasi, sikumchukia. Alikuwa na hoja. Ila Maruge hakukaa bure: mwaka 2005 alichaguliwa kuwa kiranja mkuu wa shule, na mwaka huohuo akapanda ndege mara ya kwanza, kwenda kuhutubia Umoja wa Mataifa New York.

KinyoziBondeni (Nakuru)
Mwalimu, nimerudia sehemu ya wazazi, nimekusikia. Bado naona minong'ono haitoshi. Mwongozaji, Justin Chadwick, ni Mwingereza, na Waingereza wenzake hakuwaficha. Penseli ile ametuonyesha mpaka mwisho. Kama mgeni aliweza kuwafanyia hivyo watu wa kwao, sisi nani atatufanyia?

Nyar, mpe mama salamu zangu. Huyo ndiye angeandika mapitio ya filamu gazetini.

NyarKondele (Kisumu)
Zimefika. Anauliza pia yule mteja alimaliziwa kunyolewa?

KinyoziBondeni (Nakuru)
Alimaliziwa, shikamoo mama. Alilipa nusu.

MwalimuLangas (Eldoret)
Kinyozi, unauliza nani atatufanyia. Afanyie wapi? Fikiria mtu anakuja Eldoret miaka miwili tu baada ya ghasia, anaomba shamba la kuwashia nyumba ya maigizo, na anataka vijana wa hapahapa waigize wanaoichoma. Wengine waliokimbia walikuwa bado hawajarudi. Chifu gani angemsainia? Leo huenda ikawezekana, ila kwanza apatikane mwandishi ambaye hana shangazi upande wowote.