Mombasa hadi New York na mamangu: moja kwa moja, Doha au Amsterdam?

Bi_Kizingo: Assalaam aleikum wenzangu. Mamangu ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na anataka kumwona mjukuu wake New York. Nauli ya kupitia Doha ndiyo nafuu kwa tarehe zangu. Mkiangalia umbali na saa, mnanishauri nini?

Mpenda_Ramani: Waaleikum salaam dada. Kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, ule wa New York, moja kwa moja ni kama kilomita 11,840. Ukipitia Amsterdam, 12,520. Ukipitia Doha inafika 14,120, maana unaanza kwa kuipa New York kisogo, ndipo ugeuke. Angani ni kama saa 15 kwa ile ya moja kwa moja, 16 na nusu kwa Amsterdam, 19 kwa Doha, na hapo hujahesabu kusubiri. Kurudi moja kwa moja ni karibu saa 14, kwa kuwa pepo za juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Mkaazi_wa_Bronx: Nauli nafuu iliniponza mimi. Nilimleta mamangu kwa kuunganisha, ndege ya kwanza ikachelewa, tukabaki kukimbizana na geti la pili. Miguu ilikuwa imevimba, viatu havimwingii tena. Alivitia kwenye kikapu chake akatembea na soksi uwanja mzima, ameshika mkono wangu. Dada, mpeleke moja kwa moja. Kenya Airways walianza safari hiyo Oktoba 2018, na tangu hapo wazee wetu wamepata nafuu.

Abu_Likoni: Mimi siafiki sana. Saa 15 kwenye kiti kimoja, na magoti hayo? Amsterdam inaikata safari karibu katikati, mama ananyoosha miguu. Omba kiti cha magurudumu siku mbili kabla, atasukumwa mpaka getini. Chagua tu nafasi ya kusubiri ya saa tatu hivi.

Mkaazi_wa_Bronx: Kunyoosha miguu hata ndani ya ndege anaweza, kaka. Mkatie kiti cha kando ya njia, ainuke kila baada ya saa moja au mbili.

Bi_Kizingo: Na Mombasa hadi Nairobi? Treni au ndege?

Mpenda_Ramani: Treni ni saa tano hadi sita, na stesheni ya Syokimau iko karibu na JKIA. Lakini ukikata tiketi moja ya ndege kuanzia Mombasa, kwa kawaida mizigo mnaikuta JFK. Kwa mama, ndege.

Bi_Kizingo: Shukran sana. Nimemsomea yote, amechagua moja kwa moja. Ameuliza jambo moja tu: sala ya alfajiri itamkuta wapi?

Mpenda_Ramani: Ndege inaondoka usiku na kuelekea magharibi, kwa hiyo usiku unarefuka sana. Mkiondoka saa tano usiku, New York ni saa kumi alasiri majira ya kiangazi, na mtatua kama saa moja asubuhi. Alfajiri itamkuta juu ya Atlantiki, saa kadhaa kabla ya kutua. Achukue udhu mapema kabla foleni ya choo haijaanza.