MREJESHO: Ukaguzi wa nyumba ya Kigamboni kabla ya kuiuza

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama kuna haja ya kukagua nyumba ya vyumba vitatu kabla ya kuitangaza. Ukaguzi umekamilika. Asanteni sana mlioshauri ufanyike kabla ya kupaka rangi.

Tatizo kubwa ni unyevu. Ukuta wa chumba cha nyuma umebanduka rangi hadi usawa wa goti, na ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe: chumvi. Juu ya msingi haikuwekwa nailoni ya kuzuia unyevu, kwa hiyo maji yanapanda kutoka ardhini. Kupaka rangi juu yake ni kumdanganya mnunuzi, masika yakija itabanduka tena. Fundi anabomoa plasta mita 1 kwenda juu, ukuta unaachwa ukauke kwanza, ndipo anapiga plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji.

Madoa ya dari yametokana na mipira iliyokatika ya misumari ya bati, maji yakapenya hapo. Bati lenyewe zima. Kenchi moja (fremu ya mbao inayobeba bati) ina mchwa, inabadilishwa.

Upande wa maji, koki zote zilifungwa, mita ikasomwa, ikasomwa tena baada ya saa 1. Namba zilisogea: boya la tanki, linalokata maji tanki likijaa, halifungi.

Ufa wa pembeni mwa dirisha umezibwa kwa plasta nyembamba iliyoandikwa tarehe, ili tuone kama ufa unaendelea. Ikipasuka, msingi bado unashuka.

Kwenye nyaraka, kodi ya pango la ardhi imelipwa. Imebaki ridhaa ya mwenza wa ndoa ya kuuza nyumba, kwa maandishi.