Naomba kuelekezwa kwa daktari bingwa wa nguvu za kiume, nipo Dar

Mwana Rufiji:
Habari za jioni wakuu. Wenye kejeli naomba mpite tu, hili jambo limenikaa kooni.

Nina miaka 43, nina mke na watoto, nafanya kazi ya stoo kiwandani huku Mbagala. Tangu Ramadhani iishe mambo ya chumbani yamekuwa magumu. Mwanzo ilikuwa inaamka halafu inalala katikati ya safari, siku hizi hata kuamka ni kwa kubembelezwa. Mama watoto mwanzoni alikuwa ananiambia "umechoka, lala". Sasa hasemi kitu, anavuta shuka na kugeukia ukutani. Heri angenisema.

Sinywi, sivuti, sina mchepuko. Ninachoomba ni kujua niende kwa daktari bingwa wa nini hasa: wa mkojo, wa homoni, wa akili? Hospitali gani, na gharama zikoje? Natanguliza shukrani.

Kapuku Halisi:
Pole mkuu. Kabla hujawapa madaktari hela, kila jioni pita kijiwe cha pweza, piga supu vikombe viwili na pilipili ya kutosha. Ukitoka hapo mtafute yule kijana wa karanga mbichi, mihogo mibichi na vipande vya nazi. Wiki mbili tu mke ataanza kukukwepa yeye.

Mkwezi wa Mafia:
Kapuku acha uongo. Kwetu pweza tunakula tangu hatujaota meno, na wazee ambao jogoo wao hawiki tunawajua kwa majina. Supu ni chakula kizuri, basi.

Mama Twalib:
Mdogo wangu, mimi nitakuambia kama dada yako mkubwa. Nyinyi wanaume mnalala na simu. Mtu anaingia kitandani saa tano, mpaka saa saba anatazama mpira wa jana. Huyo mke anaingia wapi hapo? Marehemu mume wangu alipitia hayo alipopunguzwa kazi bandarini. Alikaa kimya mwaka mzima, mimi nikajua ana mwanamke Tandika. Nilikwenda mpaka huko Tandika na shoga yangu, tumejifunga khanga kiunoni, tukamkuta amekaa kwenye bao na wazee wenzake! Kumbe hata nyumbani alikuwa anaogopa kurudi. Zungumza na mkeo kwanza.

Tabibu wa Zamu:
Mleta uzi, mimi ni ofisa tabibu. Nijibu matatu. Asubuhi ukiamka inakuwa imesimama? Kuna dawa yoyote unayomeza? Sukari na presha umepima lini?

Mwana Rufiji:
Asante tabibu. Asubuhi ni mara mojamoja sana siku hizi. Dawa za kudumu situmii. Sukari sina dalili zake, sikojoi ovyo wala sijakonda. Ila swali langu lilikuwa daktari bingwa ni yupi.

Tabibu wa Zamu:
Sijauliza dalili, nimeuliza umepima lini. Na hilo la asubuhi usilione dogo. Mwanaume ambaye asubuhi anaamka sawasawa ila anakwama akiwa na mwenzake, mara nyingi tunaanza kufikiria wasiwasi, ugomvi, madeni. Ikigoma kotekote, tunaanza kutazama mwilini: mishipa, sukari, homoni, dawa anazotumia.

Dereva wa Masafa:
Wakati tunamsubiri ajibu niwape changu. Nilikuwa naoa mke wa pili, umri umeenda, nikajisemea nisije kuaibika ugenini. Nikanunua kidonge cha bluu duka la dawa. Yule kijana hata hakuniuliza kama nina ugonjwa wowote, kanifungia kwenye karatasi kama pipi. Usiku wa harusi nimeshindilia pilau la nguvu na nyama ya mafuta, ndiyo nakimeza. Saa nzima hakuna kitu! Pua imeziba, uso umewaka moto, kichwa kinagonga. Bibi harusi kalala zake. Saa nane usiku ndiyo mwenyewe anaamka, na mimi nina usingizi wa kufa.

Tabibu wa Zamu:
Dereva, mafuta mengi tumboni yanachelewesha sildenafili, yaani hicho kidonge cha bluu, kufanya kazi. Na dawa yenyewe haileti hamu, inasaidia tu damu kuingia pale ambapo hamu ipo. Kuziba pua na kuumwa kichwa ni maudhi yake ya kawaida. Dawa hiyo ilianza kama utafiti wa maumivu ya kifua, wanaume kwenye majaribio wakaripoti jambo jingine, na 1998 Marekani ikaidhinisha itumike kwa jambo hilo jingine. Kwa hiyo ni dawa halali kabisa, tatizo ni kuiuza kama pipi. Anayetumia dawa za maumivu ya kifua ya moyo, za jamii ya nitreti, akichanganya nayo, presha inaweza kushuka mpaka akafa.

Mwana Rufiji, bado nakusubiri.

Mkwezi wa Mafia:
Amekimbia.

Mwana Rufiji:
Sijakimbia, nilikuwa zamu.

Sawa, kwa kuwa mmenishikia bango. Kazini walikuja watu wa afya wakatupima. Mimi sukari ilisoma 14 na nilikuwa sijala kitu. Presha ninayo tangu mwaka jana, nilipewa atenolol. Nameza siku kichwa kikiniuma, ndiyo maana nikasema si dawa za kudumu. Mke anajua ya presha, ya sukari hajui, na sitaki ajue kwa sasa kwa sababu mama yake alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo.

Halafu kuna tabibu wa tiba asili nilimpata mtandaoni. Nimeshamtumia laki mbili, nusu ya dozi, dawa zinafika Ijumaa. Anasema ni mizizi tupu, inasafisha mishipa na kushusha sukari kwa pamoja, ila niache vidonge vya hospitali mpaka dozi iishe. Sioni kosa hapo. Babu zetu walitibiwa na nani? Daktari bingwa nilitaka awe akiba tu, hii ikigoma.

Mama Twalib:
Ya Rabi. Kumi na nne!

Kapuku Halisi:
Mkuu, futa ushauri wangu. Mihogo uache kwanza.

Tabibu wa Zamu:
Hili ndilo ulitakiwa kuanza nalo, mengine yote ni pambo. Sukari ya kabla ya kula ikifika 7 tunaanza kuzungumzia kisukari, wewe una mara mbili yake. Kipimo kirudiwe hospitali, lakini usikae nayo hivyo.

Mishipa inayopeleka damu kule ni myembamba kuliko ya moyo. Sukari na presha zikikaa juu, ile myembamba ndiyo huathirika mapema, na neva (mishipa ya fahamu) nazo zinaharibika polepole. Kuna wanaume wanakuja kulalamikia chumbani, wakipewa kidonge wanaondoka na furaha, hakuna aliyewapima chochote. Miaka kadhaa baadaye unawakuta Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wameshika kifua.

Atenolol yenyewe imo kwenye dawa za presha zinazoweza kupunguza nguvu, sawa na zile za kuongeza mkojo kama bendro. Lakini kuikatisha ghafla ni hatari, moyo unaweza kwenda mbio na presha ikapanda kwa kasi. Mwambie daktari tatizo lako lote, kuna nyingine anazoweza kukubadilishia zisizoleta usumbufu huo. Madaktari wengi hawaulizi na wagonjwa wengi hawasemi, mnaishia kuzungumzia chumvi.

Kuhusu mizizi sigombani na mababu. Nagombana na mtu anayekuambia uache dawa ukiwa na 14. Na zinazouzwa kama "asili tupu" halafu zinafanya kazi ndani ya saa moja, mara nyingi zikipimwa maabara hukutwa zimechanganywa sildenafili isiyoandikwa popote.

Jicho la Tatu:
Nimesoma toka juu. Wakuu mnapigwa chai ya rangi hapa.

Huyuhuyu Mwana Rufiji alikuwa na uzi wa kuuza pikipiki, akaandika "mimi kijana wa miaka 31, bado sijaoa, nauza nipate mtaji". Leo ana 43, mke na watoto. Kwanza dawa hatumii, mara ana atenolol. Kwanza sukari hana, mara 14. Na tazameni mpangilio: shida, hospitali inatisha, ghafla anatokea tabibu wa mtandaoni. Wiki ijayo atarudi "wakuu nimepona, wenye shida njoo inboksi". Tangazo hili.

Dereva wa Masafa:
Duh. Na mimi nimeshaanika harusi yangu hapa.

Mwana Rufiji:
Jicho la Tatu, uzi wa pikipiki aliandika shemeji yangu kwa akaunti yangu. Pikipiki ni yake. Ningekuwa nauza dawa ningekuwa nimeshataja jina la mtu au namba ya simu.

Jicho la Tatu:
Shemeji! Watu wote humu wana shemeji anayetumia akaunti zao. Taja kiwanda.

Mama Twalib:
Ataje kiwanda ili iweje, uende ukamkague? Kijana acha ushamba. Mtu anayetangaza dawa hawezi kusema mama mkwe wake alikatwa mguu.

Jicho la Tatu:
Ndiyo wanavyosema hasa, mama yangu.

Mkwezi wa Mafia:
Ile pikipiki iliuzwa? Boksa ya mwaka gani?

Tabibu wa Zamu:
Mimi sihitaji kujua kama ana shemeji. Swali la awali halijajibiwa, nalijibu kwa yeyote.

Usianze na bingwa wa mkojo. Anza hospitali ya rufaa ya mkoa, ukiwa Mbagala ni Temeke, uombe daktari wa magonjwa ya ndani. Wapime sukari ya asubuhi na ile ya wastani wa miezi mitatu, mafuta kwenye damu, figo, presha. Testosteroni, homoni ya kiume, ichukuliwe asubuhi, kadiri siku inavyokwenda kiwango kinashuka na majibu yanakudanganya. Vidonge vya nguvu uandikiwe hapohapo, moyo ukishaangaliwa. Ikishindikana ndiyo rufaa ya urolojia, huyo bingwa wa mkojo, Muhimbili. Moshi pale hospitali ya KCMC wana taasisi nzima ya urolojia, ila hakuna sababu ya kupanda basi wakati hujapima sukari. Vidonge vikigoma zipo pampu za kuvuta hewa, sindano, na mwisho kabisa vipandikizi kwa upasuaji. Ukiona imesimama zaidi ya saa nne kwa dawa yoyote ile, kimbia hospitali, usisubiri kukuche.

Gharama ulizia pale dirishani kama una bima, wanachokulipia kinategemea kifurushi.

Mwana Rufiji:
Asante tabibu. Jumatatu nina zamu ya usiku kwa hiyo asubuhi naweza kwenda Temeke. Vidonge vya presha nimeanza kumeza leo. Lakini ile laki mbili hairudishwi, nimeshamuuliza. Dawa zikija Ijumaa nitaziweka tu kabatini nisikilize majibu kwanza. Siwezi kutupa hela.

Tabibu wa Zamu:
Weka kabatini, na kabati lifungwe. Ya sukari mama watoto utamwambia lini?

Jicho la Tatu:
Kimya. Naisubiri Ijumaa kwa hamu.

Mpwa wa Moro:
Sijasoma uzi wote, ila hili ni dogo sana. Chukua tikiti maji zima, saga na mbegu zake, weka tangawizi na asali ya nyuki wadogo vijiko vinne. Kunywa jagi zima kila usiku. Utanishukuru.

Kapuku Halisi:
Mpwa, mleta uzi ana sukari.

Mpwa wa Moro:
Basi asali apunguze viwe viwili.