Natoka PCB (fizikia, kemia, baiolojia), naingia Smith College: nichague kozi zipi muhula wa kwanza?

Binti_Kibosho (Moshi): Shikamooni wakubwa. Naanza Smith, Massachusetts, Septemba hii, nalenga baiolojia. Huko hakuna tahasusi, kila kozi ruksa. Nachaguaje? Na ni kweli mitihani haina msimamizi?

Dada_Njiro: Marahaba mdogo wangu, hongera sana! Digrii ya pale ni krediti 128. Kozi nyingi zina krediti 4, hivyo kwa muhula unachukua kozi nne. Krediti 64 lazima ziwe nje ya somo kuu. Wa PCB hukwama hapa: wanabeba kemia, baiolojia, fizikia na hesabu kwa mpigo kana kwamba bado wako kidato cha tano. Maabara inakula mchana mzima kila wiki, na ripoti bado inakusubiri. Chukua sayansi mbili tu, kemia ikiwemo. Kemia usiiahirishe, kwa sababu kozi za juu za baiolojia zinaidai kwanza. Ukiikosa, na zile zinasogea mbele. Ya tatu iwe ya uandishi, hiyo ni lazima mwaka wa kwanza. Ya nne chagua kitu ambacho hujawahi kukigusa. Somo kuu utalitangaza mwaka wa pili, usiwe na haraka.

Mwl_Sakina: Hiyo ya uandishi msiipuuze. Insha ya GS (General Studies) tumezoea utangulizi, hoja sita, hitimisho. Kule wanataka dai moja, ulitetee kwa ushahidi hadi mwisho, na kila wazo uliloazima useme umelitoa wapi. Kunakili bila kutaja ni kosa la nidhamu, hata kama hukukusudia. Jacobson Center, kituo cha uandishi cha chuo, wanapitia rasimu nawe bure. Nenda mapema, siyo usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi.

Mama_Rau: Mitihani ni kweli. Mingi ya mwisho wa muhula unajipangia siku na kipindi mwenyewe, unakaa na karatasi yako bila msimamizi, kwa kanuni ya uaminifu. Ukitoka, usimwambie ambaye hajafanya hata kwamba ulikuwa mgumu. Kosa la wengi ni kusukuma mtihani mgumu hadi siku ya mwisho, wakati akili imeshachoka. Uanze na huo.

Binti_Kibosho: Asanteni mno. Na kozi za vyuo jirani, Mount Holyoke au Amherst?

Dada_Njiro: Zinaruhusiwa, vyuo vitano vina ushirikiano na basi lipo. Ila ratiba ya basi inakata saa zako za maabara. Ngoja mwaka wa pili.